Mama wa pale Newala, asante sana

Jamani naomba nitume shukrani kwa mama mmoja ambaye hata jina lake silijui, tulikutana nae steshenari karibu na stendi ya Newala, huku Mtwara, mdogo wangu alipokuwa anaenda kidato cha tano. Tulikuwa tunaprinti fomu ya kujiunga huku tunapiga hesabu kwa sauti, godoro, ndoo, reki, fagio la chelewa, mashuka, nauli, kumbe yeye anasikia yote. Ni kweli ada ilifutwa, hadi kidato cha nne 2016 halafu cha tano na sita 2022, na tunashukuru sana tu, ila godoro halijafutwa, na sisi wakulima wa korosho mwezi wa saba ndo mfukoni hamna kitu kabisa maana minada ya kuziuza mpaka mwezi wa kumi huko. Mtoto wa mwenye mshahara anaripoti siku ya kwanza, wa kwetu anasubiri korosho, akifika wenzie washamaliza topiki kadhaa halafu mtihani ni uleule. Hapo usawa uko wapi?

Basi yule mama akatoka kimyakimya, tukajua kaenda zake, mara huyo karudi na kijana wa bodaboda kabeba godoro, kamwambia tu mdogo wangu "mwanangu nenda kasome". Namba ya simu kagoma kabisa kutoa.

Anayemjua, siku hiyo alivaa kanga ya kijani ana kapu la mihogo, amwambie binti aliripoti kwa wakati, anachukua PCM (fizikia, kemia na hisabati), na likizo anataka kuja kumpa shikamoo.