Risala ya wakufunzi na wakaguzi siku ya kufunga semina ya wakuu wa shule, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima,
Wawakilishi wa shule za serikali na za makanisa,
Waheshimiwa maprefe wa shule za sekondari na madirekta wa shule za msingi,
Wazazi wa komite za shule,
Mabibi na mabwana,

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuacha kazi za ofisi yako ukaja kuifunga semina hii. Punde utawakabidhi wakuu wa shule vyeti vyao. Kabla ya hapo tunaomba tuzungumze nawe juu ya swali ambalo kila aliyegharamia mafunzo haya ana haki ya kuliuliza: tutajuaje kama yamesaidia shule?

Mara nyingi jibu linatafutwa siku kama ya leo, humu humu ukumbini. Fomu zinagawiwa saa ya mwisho, na karibu kila mmoja anaandika kwamba mafundisho yalikuwa mazuri, ila siku zilikuwa chache. Fomu hiyo ina kazi yake: inaonyesha kama nakala zilitosha, kama mifano ilifaa shule zenye zamu mbili. Lakini anayeijaza anangoja pesa za usafiri, na mkufunzi amesimama mbele yake. Adabu peke yake inamzuia kuandika mabaya. Mmarekani Donald Kirkpatrick, alipoandika juu ya kupima mafunzo mwaka 1959, alitofautisha mambo manne: washiriki wameyapokeaje mafunzo, wamejifunza nini, wanafanya nini wakirudi kazini, na matokeo yamekuwa yapi. Ripoti zetu nyingi zinaishia kwenye jambo la kwanza.

La pili halina ugumu mkubwa. Yatosha maswali 12, yale yale asubuhi ya siku ya kwanza na alasiri ya siku ya mwisho, kila karatasi ikiwa na namba ya siri ili karatasi mbili za mtu mmoja zikutane. Maswali yawe ya kazi, si ya kukariri maana za maneno. Kwa mfano: mwalimu wa darasa la 3 amekosa siku 4 katika majuma mawili, na rejista inaonyesha alikuwapo, utaanza na nini, utaandika wapi, utamjulisha nani? Kinachoharibu kipimo hiki ni sherehe ya ufunguzi. Ikichelewa, jaribio la mwanzo ndilo linalofutwa kwanza, na bila jaribio la mwanzo lile la mwisho halina cha kulinganishwa nacho.

Moyo wa risala yetu ni jambo la tatu, Mheshimiwa: mkuu wa shule anafanya nini akirudi kwenye biro yake, yaani ofisini. Hilo halionekani kwa kumwuliza. Linaonekana kwa kwenda shuleni mara mbili, kabla ya semina na tena miezi 4 au 5 baadaye, siku ambayo haikutangazwa, na kutazama vitu vitatu tu.

Kwanza, mahudhurio. Wahesabiwe watoto waliokaa darasani, kisha idadi hiyo ilinganishwe na rejista ya asubuhi ile. Tofauti ya mtoto mmoja au wawili ni ya kawaida. Ikiwa kubwa katika madarasa mengi, rejista inajazwa bila kuita majina, na mkuu haikagui.

Pili, kaye, yaani daftari, ya kutembelea madarasa. Shule ya madarasa 12 ambayo mkuu wake anaingia madarasa 3 kwa juma inamaliza mzunguko kwa majuma 4. Kwa hiyo katika miezi 4 kila mwalimu angetembelewa walau mara 3. Msihesabu tarehe peke yake. Someni alichomshauri mwalimu, kisha tazameni kama ziara iliyofuata ilirudi kwenye shauri lile. Kaye iliyoandikwa usiku mmoja inajitambulisha: wino ule ule, mwandiko wa haraka ule ule, na maneno “somo zuri, endelea” kwa walimu wote. Baadaye aulizwe mwalimu, mkuu akiwa hayupo, lini alitembelewa mara ya mwisho na aliambiwa nini. Jibu lake lina uzito kuliko kaye nzima.

Tatu, kitabu cha pesa. Salio lililoandikwa lilingane na pesa zilizopo na karatasi ya benki, na kila matumizi yawe na risiti na sahihi ya mjumbe wa komite. Hapa tunatoa angalizo. Ziara ikigeuka kuwa msako wa makosa, milango itafungwa na ukweli tutaukosa. Anayepima mafunzo asiwe yule anayeandika alama za mkuu wa shule za mwaka. Kazi hizo mbili zitenganishwe kabisa.

Kwa hesabu: wakifundishwa wakuu 60, zichaguliwe shule 20 kwa kura, pamoja na shule 10 ambazo wakuu wao wanangoja semina ijayo. Jozi 3 za wakaguzi, shule moja kila asubuhi, zinamaliza shule 30 kwa siku 10. Zile 10 zisionekane kama upotevu. Mahudhurio yakipanda katika shule zote 30, sababu si semina. Kwa sababu hiyo hiyo Septemba, watoto wanapokuwa bado wanaandikishwa, isilinganishwe na Februari katikati ya mvua, pale barabara za pembezoni zinapojaa maji. Na zamu ya mchana nayo itembelewe, maana shule inaweza kuwa na asubuhi safi na mchana usiosimamiwa na mtu.

Juu ya matokeo ya mitihani tunashauri subira. Tangu masomo ya msingi ya serikali yawe bure Septemba 2019, madarasa yamefurika. Wanaofanya mtihani mwaka huu si wale wa mwaka jana, na kazi ya mkuu inamfikia mtoto kwa kupitia mwalimu, polepole. Kumsifu au kumlaumu mkuu kwa asilimia za mwaka mmoja tu ni kumdhulumu.

Mengine yanaharibu semina kabla hata haijaanza. Shule inamtuma mtu ambaye zamu yake ya kusafiri imefika, na prefe anabaki nyumbani. Mkuu aliyefundishwa anahamishwa kabla ya mwisho wa mwaka, na kaye zake anaondoka nazo. Au anarudi na mpango mzuri, akute shule haina hata karatasi ya kuuandikia. Mkaguzi akikuta hakuna kilichobadilika, aandike ni lipi kati ya haya lililotokea: hakuelewa, hakutaka, au hakuwezeshwa. Dawa zake hazifanani. Asiyeelewa anahitaji mtu wa kukaa naye siku nzima shuleni, na asiyewezeshwa hatasaidiwa na semina ya pili.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tuna maombi matatu. Semina yoyote isiidhinishwe kama bajeti yake haina usafiri wa ziara zote mbili, hata ikibidi kupunguza siku moja ya ukumbini. Mkuu aliyefundishwa abaki shuleni kwake walau mwaka mmoja wa masomo, isipokuwa pakiwa na sababu nzito. Na matokeo ya ziara yarudishwe kwanza kwa shule yenyewe, katika majuma mawili, yakiwa ukurasa mmoja ambao walimu na wazazi wa komite wanaweza kuusoma.

Fomu ya ziara, kurasa 3, na maswali 12 tumeviweka katika bahasha hii. Ziara za kwanza za semina ijayo zinaweza kuanza mara tu utakapotia sahihi.

Tunaomba uipokee, kisha uzungumze nasi. Karibu.