Mtego wa nyuki si lazima ununue

Mhariri, naomba kanafasi kidogo niongelee hii mitego ya kunasia makundi ya nyuki wanaohama kutafuta makao mapya, maana kila nikikutana na mtu anayetaka kuanza kufuga naambiwa anasubiri apate hela ya boksi la dukani kwanza. Jamani hela ya nini! Nyuki haangalii rangi wala fundi. Wapelelezi, yaani nyuki wanaotafutia kundi nyumba, wanatangulia, wanaingia, wanatembea kwenye kuta wakipima nafasi, wanakagua mlango, halafu wanarudi kuwachezea wenzao ngoma ya kuwaelekeza mahali, basi.

Thomas Seeley, mtafiti wa Marekani, alilichunguza hili tangu miaka ya 1970, na nyuki wakipewa boksi la lita 10, 40 au 100 wanapenda la 40, mlango mdogo kama sentimita 4 hivi kwa upana, na likiwa mita 5 juu ya ardhi kuliko mita 1. Hao ni wenye asili ya Ulaya lakini, wa Kiafrika hata boksi dogo zaidi wanaingia.

Kwa hiyo mabaki ya mbao, mbao za paleti, hata ndoo kubwa yenye mfuniko, vyote vinafaa. Toboa tundu moja karibu na chini, pigilia msumari katikati ndege asiingie, ziba nyufa, paka nta ndani. Ukipata kipande cha sega kuukuu jeusi ndo kabisa, ila litoke kwenye mzinga unaoujua, maana ugonjwa wa kuozesha majana (watoto wa nyuki) unasafiri na masega, na nondo, wale wadudu wanaokula nta, nao wanalipenda hilo sega kuliko hata nyuki. Mchaichai sugua mlangoni, harufu yake inakaribiana na ile wanayoitana nayo nyuki.

Kinachoniudhi ni wanaoweka asali au maji ya sukari ndani. Mpelelezi anatafuta nyumba, hatafuti chakula! Hapo unawaalika siafu na nyuki wezi tu. Paka grisi kwenye waya wa kuning'inizia na acha nafasi wazi, weka fremu (viunzi vya kujengea masega) chache zinazolingana na za mzinga wako ili kuhamisha kusikusumbue baadaye, na ukishaona wanaingia na chavua miguuni ujue wameshahamia, subiri giza liingie, ziba tundu kwa wavu wapate hewa, shusha. Ila tundikeni mapema bana, msimu wa kuhama ukishaanza wengine wameshachagua kwao.

Mfugaji nyuki, msomaji wenu