Mwanangu, punguza hiyo orodha

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Mwambie akikaa ainue miguu, hata kama anadai haijavimba.

Orodha ya vitu vya mtoto mnayemtarajia, uliyonitumia, nimeisoma mpaka mwisho. Viatu, kiti cha kulia chakula, mito yenye masikio ya sungura, mashine ya kupasha moto vitambaa vya kumfutia. Nusu ya vitu hivyo ni vya mtoto anayekaa, na huyu mnayemngoja atakuja hata shingo hajaikaza. Kata bila huruma. Pesa itakayobaki usiiguse, ina kazi yake.

Mahali pa kulala ndipo pa kuumiza kichwa. Kichanga hulala kama saa 16 kwa siku, tena kwa vipandevipande, kwa hiyo kitanda chake atakijua kuliko kitu kingine chochote nyumbani. Anataka godoro gumu, bapa, linaloenea kitandani bila kuacha mwanya pembeni, na shuka moja iliyovutwa ikakaza. Basi. Mito, blanketi nene, midoli na zile kingo za sponji za kuzungushia kitanda, vyote vitoke, hata kama vimeletwa na shangazi yako. Pua ya mtoto wa umri huo ikizibwa na kitu laini, hana nguvu ya kujinasua.

Mlazeni chali, usiku na mchana. Watakuja watu wazima wenzangu kuwaambia mumgeuze alale kifudifudi asipaliwe akicheua, maana ndivyo tulivyofundishwa zamani. Wasikilizeni kwa heshima, kisha mlazeni chali. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu na ya chakula chini yake, hivyo anachocheua hurudi tumboni kwa urahisi zaidi kuliko kuingia mapafuni. Nchi zilizoanza kuwahimiza wazazi hivyo miaka ya 1990 ziliona vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikishuka sana.

Kitanda hicho kiwe chumbani mwenu, karibu na chenu, kwa miezi sita ya mwanzo angalau. Chumba chake chenye rangi na picha za wanyama kinaweza kusubiri, yeye hatakidai. Na wewe baba mtu, sikia hili: usiku wa manane, umechoka, usijiegemeze kwenye sofa naye kifuani. Usingizi ukikuchukua hapo, mtoto huteleza kati yako na mto. Mvuta sigara avutie nje kabisa. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kupasha joto, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi.

Nguo ni chache kuliko mnavyodhani. Nunueni zinazofungika mbele, kwa sababu kupitisha fulana kwenye kichwa kinachotepeta ni jasho la bure kwa mzazi mgeni. Za saizi ya mwanzo zisizidi sita au saba, nyingine ziwe kubwa kidogo. Zifueni zote kabla hajazivaa. Mkitaka kujua kama anasikia baridi au joto, mguseni kifuani au kwenye kisogo. Viganja vya kichanga huwa baridi hata akiwa sawa.

Nepi, hapo msibane. Siku za mwanzo zinaweza kwenda kumi au kumi na mbili kwa siku, ziwe za kitambaa au za kutupa. Ukimfunga, kunja ukingo wa mbele ushuke chini ya kitovu, ili kikae nje, kipate hewa, kisilowe mkojo. Kitovu kinataka kuwa kikavu na kisafi tu. Kwa kawaida hudondoka chenyewe ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, na hakipakwi kitu chochote ila kile alichoagiza mhudumu wa afya. Poda iondoeni kwenye orodha, vumbi lake huingia mapafuni.

Kuoga kusubiri angalau saa 24 baada ya kuzaliwa, asipoteze joto. Nyumbani beseni safi linatosha. Tanguliza maji baridi, ongeza ya moto, koroga vizuri, kisha zamisha kiwiko chako. Usihisi moto wala baridi. Taulo, nepi na nguo ziwe zimeshatandazwa kabla hujamvua, maana ukishamshika mtoto mwenye sabuni huna mkono wa ziada. Na beseni usiliache hata kidogo ukiwa umemweka ndani.

Nimeona chupa na makopo ya maziwa. Viacheni kwanza. Anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza, apate ile dang'a, maziwa ya kwanza ya manjano, ingawa huonekana kidogo. Atanyonya mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku, kwa hiyo kinachohitajika ni kona ya kunyonyeshea: kiti chenye mgongo, taa hafifu, maji ya kunywa pembeni, kitambaa cha kufutia. Kujaza lile jagi la maji kila jioni ni kazi yako. Kunyonyesha kukiwa kugumu, na kwa wengi huwa kugumu mwanzoni, tafuteni mhudumu mapema, chuchu zisifike kuchanika. Ikitokea sababu ya kumpa maziwa mengine, mtaelekezwa, na hapo ndipo mtanunua. Hakuna wa kumlaumu mkeo.

Jambo ambalo orodha yako imelisahau ni mkeo mwenyewe. Sikuona taulo za uzazi, na damu baada ya kujifungua inaweza kuendelea kutoka kidogokidogo mpaka wiki sita. Sikuona magauni yanayofunguka mbele, wala chakula cha kuweka akiba. Pesa niliyokwambia uiweke ni ya hayo, na ya usafiri wa usiku, na ya kumlipa mtu wa kufua mwezi wa kwanza. Mwezi ule hamtakosa viatu vya mtoto. Mtakosa usingizi na mikono ya kusaidia.

Begi la kujifungulia liwe tayari wiki ya 36 ya mimba, karibu na mlango, kadi ya kliniki ikiwa ndani. Kama mtarudi kwa gari lenu, kiti cha mtoto kifungwe na kujaribiwa mapema.

Nunueni kipimajoto, kisha andikeni karatasi muibandike ukutani pamoja na namba za simu za kituo cha afya na za dereva. Juu yake pawe na dalili hizi: amegoma kunyonya, ametulia lakini anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, degedege, amelegea hasogei, joto la kwapani limefika 37.5 au limeshuka chini ya 35.5, umanjano siku ya kwanza, au viganja na nyayo kuwa manjano, wekundu au usaha kitovuni. Moja tu ikitokea, mnaondoka saa hiyohiyo. Mkeo naye akitoka damu nyingi, akipata homa au kichwa kumuuma sana, ni hivyohivyo.

Wageni wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, nami nikiwamo. Mwenye mafua arudi akipona.

Nikija, nitafua, nitapika na kufagia. Kumbeba mtoto nitaomba zamu. Zungumza na mkeo kwanza, yeye ndiye aseme nije siku gani na nikae muda gani, kisha unipigie.

Mama yako