Risala ya Kamati ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Watumishi wa Halmashauri kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri na Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji na Wakuu wa Idara,
Ndugu watumishi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kujumuika nasi katika maadhimisho ya 28 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambayo Shirika la Kazi Duniani lilianza kuiadhimisha mwaka 2003. Karibu sana. Kiti cha mbele tumekupa kwa heshima, na pia ili usikie vizuri.

Kamati hii iliundwa kulinda usalama wa watumishi wote wa halmashauri: wa makao makuu, zahanati, shule na ofisi za kata, madereva wa magari ya taka, mafundi wa maji na walinzi wa usiku. Historia iliyobaki imo kwenye kabrasha ulilokabidhiwa mlangoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Tunacho kipaza sauti cha mkononi, kimoja, chenye betri zake. Ramani za njia za kutokea zimebandikwa katika kila korido ya makao makuu, isipokuwa ghorofa inayosubiri kupakwa rangi. Tunalo pia kundi la WhatsApp ambalo halijawahi kukosa mazungumzo.

Baada ya mafanikio hayo, tuingie katika lililotuleta. Tunaomba mfumo wa kuwapa tahadhari ya dharura watumishi wote kwa mkupuo mmoja, popote walipo, na kujua nani yuko salama.

Ombi hili si geni. Limesomwa mbele ya wageni rasmi waliokutangulia, na wote walilipokea kwa moyo mkunjufu. Mmoja alisema atalisimamia yeye binafsi. Mwingine aliagiza papo hapo, mbele ya hadhara, kwamba lifanyiwe kazi. Tuliwapigia makofi, na makofi hayo hatuyajutii. Kilichotufikia baadaye ni modemu moja ya kutumia laini ya simu, pamoja na barua inayosema suala liko kwenye mchakato.

Kwa modemu tunashukuru, ila tunaomba hesabu yake isikilizwe. Modemu ya aina hiyo hutuma takriban ujumbe 6 hadi 10 kwa dakika. Chukua halmashauri yenye watumishi 1,200: kazi hiyo itachukua kati ya saa mbili na saa tatu na ushee. Wa mwisho kwenye orodha ataambiwa atoke jengoni wakati zimamoto wameshakunja mipira yao. Kinachohitajika ni kuunganishwa moja kwa moja na mitambo ya ujumbe ya makampuni ya simu, zaidi ya kampuni moja, ili moja ikizidiwa nyingine ipokee. Kwa kasi ya ujumbe 20 kwa sekunde, watu hao 1,200 humalizika kwa dakika moja.

Dakika hiyo nayo huharibika kwa mambo madogo. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160, na ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 153, hivyo muda na gharama huongezeka maradufu. Kiswahili hakina herufi za kuusumbua mfumo, ila kina neno kama ving'ora, lenye ile alama ndogo ya ritifaa katikati. Afisa akiandika tangazo kwenye programu ya kuandikia barua kisha akalinakili, alama ile iliyonyooka huwa imegeuzwa kuwa iliyopinda, na kwa sababu ya alama hiyo moja kikomo cha ujumbe wote hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ndiyo maana tunasisitiza matangazo yaandikwe mapema, yahakikiwe na yahifadhiwe ndani ya mfumo wenyewe: nini kimetokea, wapi, fanya nini, nani anayesema. Wakati wa tukio ibaki kujaza jina la jengo tu.

Kila tangazo lipewe pia ukomo wa uhai, kwa mfano dakika 30. Simu iliyokuwa imezimwa haitapokea amri ya kukimbia kesho yake asubuhi, watu wakiwa wanakunywa chai.

Lipo jambo ambalo wauzaji wa mifumo hawalitaji mpaka waulizwe. Ujumbe unaotoka kwa jina badala ya namba hupendeza machoni, lakini haujibiki. Na ripoti ya kufika inathibitisha kwamba simu imepokea, haisemi kama mwenye simu amesoma wala kama yuko hai. Tunataka namba fupi inayopokea majibu: 1, niko salama, 2, nahitaji msaada. Asiyejibu ndani ya dakika 10 apigiwe simu na mfumo, na jina lake limfikie msimamizi wa jengo.

Tumeshauriwa zaidi ya mara moja tutumie WhatsApp. Kundi moja halizidi watu 1,024, kwa hiyo katika wale 1,200 kuna 176 watakaobaki nje ya mlango. Walio ndani wanahitaji bando, na wengi wamelinyamazisha kundi kwa sababu tunazozifahamu sote. Tumeshauriwa pia tusubiri tangazo linalorushwa na minara kwa simu zote za eneo moja. Teknolojia hiyo ni nzuri, haihitaji orodha ya namba na haikwami kwa msongamano. Lakini haimtofautishi mtumishi na mpita njia, wala haikusanyi majibu.

Vilevile simu peke yake haitoshi. Muuguzi aliye kazini na fundi aliye kwenye pampu hawana simu mkononi. Vipaza sauti vya majengo vinapaswa kuzidi kelele za kawaida za mahali kwa desibeli 15, na penye mitambo au mtumishi kiziwi ziwepo taa za kumulika.

Orodha ndipo mifumo mingi hufia. Orodha ya mishahara ina akaunti sahihi ya benki na namba ya simu iliyoachwa zamani, ambayo huenda sasa ni ya mtu asiyeijua hata halmashauri. Vibarua na walinzi wa kampuni hawamo kabisa. Tunaomba orodha iunganishwe na kumbukumbu za utumishi, anayehamishwa aondolewe siku hiyo hiyo, na kila mtumishi athibitishe namba zake mbili kila baada ya miezi mitatu, akipangwa kwa jengo na zamu. Namba hizo zisitumike kuombea michango wala kutuma salamu za sikukuu. Watu wakizoea upuuzi kutoka namba ya dharura, siku ya dharura hawatafungua.

Kuhusu mamlaka ya kutuma, tujifunze kwa Hawaii, jimbo la Marekani. Tarehe 13 Januari 2018 wananchi walitumiwa tahadhari ya kombora lisilokuwepo, na ikachukua dakika 38 kutumiwa sahihisho. Sehemu ya majaribio haikutenganishwa vya kutosha na sehemu halisi, mtu mmoja aliweza kutuma peke yake, na ujumbe wa kukanusha haukuwa umeandaliwa. Kwa hiyo tunataka wathibitishaji wawili, na wenye mamlaka wawe wengi kiasi cha kuwapata wawili hata saa nane usiku, kwa simu, bila dokezo kupitia masjala. Mfumo wenyewe usihifadhiwe kwenye chumba cha chini cha jengo hili, kwa maana jengo likiungua utaungua nalo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima zote, leo tunaomba usituahidi mfumo. Ahadi tunazo. Tunaomba kasma ya kudumu, kwa sababu mfumo ulionunuliwa bila fungu la kila mwaka la ujumbe, leseni na betri hufa salio la kwanza linapokwisha. Tunaomba barua yako kwenda kwa makampuni ya simu ili usajili wa namba fupi uanze. Na tunaomba jina la afisa mmoja atakayewajibika, pamoja na tarehe ya jaribio la kwanza.

Nakala za barua zetu za awali, zenye mihuri ya kupokelewa, zimeambatishwa. Nafasi ya jina na tarehe tumeiacha wazi ukurasa wa mwisho, na kalamu ipo.

Tunaomba kuwasilisha.