Vigae vya jikoni na ukuta usioulizwa

Mhariri,

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Ndeeba, Kampala, mteja anayetaka kubadilisha vigae vya jikoni huulizwa rangi na ukubwa, lakini ni nadra kuulizwa ukuta wake ukoje. Kwa maoni yangu hasara huanzia hapo, kwa kuwa vigae vingi vinavyobanduka havina kasoro yoyote. Kasoro imo katika ukuta ulio nyuma yake.

Vigae vya zamani vikishang'olewa, ukuta wote ugongwe kwa mpini wa nyundo. Panapolia utupu, plasta imeachana na matofali, na dawa yake ni kuibomoa na kupiga plasta upya, wala si kuifunika. Plasta hiyo mpya huhitaji takriban siku 28 ili ikomae, jambo ambalo wenye nyumba wengi, hasa wanaosubiriwa na mpangaji, hawataki kulisikia. Penye rangi ya mafuta, ichokolewe kwa tindo. Na jikoni palipopikiwa kwa sigiri miaka nenda miaka rudi, masizi na mafuta yasuguliwe kwa maji moto na sabuni, kisha ukuta uachwe ukauke.

Kuhusu vifaa, vigae vya kawaida vya kauri vya ukutani hufyonza maji mengi, mara nyingi zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, ndiyo maana mafundi wetu huvilowesha kwenye beseni kabla ya kuvibandika kwa saruji, visije vikainyonya maji kabla haijashika. Vigae vya poseleni, yaani kauri iliyo ngumu na iliyoshikamana zaidi, hufyonza asilimia 0.5 au chini ya hapo, hivyo saruji tupu haipati pa kushika, na inafaa itumike gundi ya vigae yenye polima, yaani kemikali ya kuongeza mshiko. Bei yake ni ya juu, ni kweli, lakini si hapo pa kubania fedha baada ya kununua poseleni.

Nina ugomvi pia na desturi ya kubandika kigae kwa matonge machache ya saruji, ambayo huacha pembe zikielea, na sufuria ikizigusa tu, zinavunjika. Gundi isambazwe kwa mwiko wa meno. Mteja naye aombe kigae kimojawapo kibanduliwe gundi ikiwa bado mbichi. Mgongo wake ukionekana una mapengo, kazi irudiwe papo hapo, kabla fundi hajalipwa.

Msomaji wako,
Ntinda, Kampala