Barua kwa Zuhura, kuhusu huyo Shah Rukh wako

Ngamiani, Tanga
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, joto tu ndilo linalotutesa. Mama anakusalimu sana, na anauliza utakuja lini maana kila mwaka unasema mwaka huu.

Sauti uliyonitumia juu ya Jawan, ile filamu ya Kihindi ya Shah Rukh Khan, nimeisikiliza huku namenya viazi. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi, hasa akitajwa huyo bwana wako. Eti hadithi imetulia, eti mapigano yanaaminika! Zuhura, ile filamu imetoka Septemba 2023, Shah Rukh anakaribia miaka 58, anaigiza baba na anaigiza mwana, na wote wawili wanashinda jeshi la watu. Mchukue mwigizaji mwingine, mchukue yule nisiyetaka hata kumtaja, umtie humo humo kwa maneno yale yale na ngumi zile zile. Ungezima baada ya robo saa, halafu ungenitumia sauti nyingine ya kuwalaani Wahindi wote na filamu zao.

Usinune. Sikwambii kwamba umekosea kuipenda. Nasema hukumu ulishaitoa kabla picha haijaanza, na nadhani sote tuko hivyo. Mtu anakaa, anaona jina la steringi, na kazi kubwa ya kupenda au kuchukia imeshafanyika. Iliyobaki ni kutafuta sababu.

Hebu turudi 1993. Novemba ya mwaka ule Shah Rukh alitoa filamu ya Baazigar, Desemba ikatoka Darr. Sisi zilitufikia baadaye, kwa mikanda ya kukodi, deki inatafuna na picha imejaa mistari. Kwenye Baazigar anamtupa binti wa watu kutoka juu ya ghorofa, binti anayempenda na aliyekuja pale akijua wanaoana. Sisi tulifanyaje? Tulimtetea! Tukasema baba wa yule binti ndiye aliyeanza, ndiye aliyeidhulumu familia ya kijana. Na si sisi tu wa Tanga. Kule kwao walimpa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora kwa filamu hiyo hiyo.

Darr ndiyo kubwa zaidi. Ukiifuata hadithi ilivyoandikwa, steringi ni Sunny Deol: komando wa jeshi la majini, mchumba halali kisha mume halali, na mwisho ndiye anayeshinda. Shah Rukh ni mwendawazimu anayemwandama mke wa mtu, anampigia simu bila kukoma, anajichora jina la mwanamke huyo, Kiran, kifuani kwa kisu. Basi nani alilia alipouawa? Wewe. Na mimi nilikuwa pembeni yako nakushika mkono, nalia pia. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema alhamdulillahi yule dada amepona.

Sunny Deol mwenyewe aliliona hilo likija. Ameshasimulia hadharani kwamba aligombana na mwongozaji, Yash Chopra, juu ya mahali pale anapochomwa kisu: komando mzima, mtu wa mazoezi, anachomwaje na kijana aliyesimama mbele yake anamtazama? Anasema alikuwa ametia mikono mifukoni kwa hasira, na bila kujijua akaichana suruali yake. Hakufanya tena kazi na Chopra, na kwa miaka mingi hakuongea na Shah Rukh, mpaka 2023 walipoonekana wamekumbatiana kwenye sherehe ya Gadar 2, filamu ya Sunny. Mimi kwenye ugomvi ule nampa haki Sunny. Kwa hadithi ilivyo, alisema kweli. Bahati yake mbaya ni kwamba watu hawakuwa wanaangalia hadithi, walikuwa wanaangalia vile vishimo vya mashavuni na kile kigugumizi cha kuliita jina la Kiran.

Sasa sikiliza hii. Binti yangu ameiona Darr kwenye simu yake, mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Akaja jikoni: "Mama, huyu kaka mbona hawamfungi?" Nikataka kumweleza kwamba anapenda, ana machungu, amefiwa na mama yake. Akaniangalia tu. Kwake yeye Shah Rukh ni mzee wa matangazo, hana deni naye, kwa hiyo aliona matendo ya mtu bila kuona sura yake. Nikajisikia mjinga kidogo. Lakini usidhani ana akili kuliko sisi! Usiku huo huo alikuwa mbele ya televisheni ya Azam, tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na mwanamume mwenye ndevu za kuchongwa kamfungia mkewe chumbani. Nikamuuliza, "Na huyu je?" Akajibu, "Huyu ni tofauti, mama, ameumizwa." Nikamwachia chai yake nikaenda kulala.

Waongozaji wenyewe wanatujua vizuri kuliko tunavyojijua. Unamkumbuka Amrish Puri, yule adui wa filamu za Kihindi? Tulikuwa tukisikia ile sauti tunajifunika kanga. Mtu aliyekuwa Mogambo, yule katili wa Mr. India, mwaka 1987, mwaka 1995 anawekwa kwenye Dilwale Dulhania Le Jayenge kuwa baba wa Simran, binti anayependwa na Shah Rukh. Hana bunduki wala jeshi, ni mzee anayelisha njiwa London na ana duka. Lakini sisi tunamwogopa tangu anapotokea, kwa sababu woga tumekuja nao kutoka nyumbani. Ndiyo maana pale stesheni, anapouachia mkono wa binti yake, tunapiga kelele. Mwingine mwenye sura ya upole angeuachia mkono ule ule tusingestuka hata kidogo. Nusu ya mahali pale iliigizwa miaka minane nyuma, kwenye filamu nyingine kabisa.

Na wakati mwingine mapenzi ya watu yanabadilisha hata hadithi yenyewe. Marehemu baba alikuwa mtu wa Amitabh Bachchan, yule steringi wa zamani, unajua. Alikuwa akitusimulia filamu yake ya Coolie kama habari ya msiba wa jirani. Julai 1982, wakipiga picha ya ugomvi kule Bangalore, Amitabh aliumia tumboni, akawa mahututi, na India nzima ikaingia kwenye maombi. Alipopona, mwongozaji Manmohan Desai akabadili mwisho. Mhusika alitakiwa afe, sasa akaachwa hai, kwa sababu nani angevumilia kumwona akifa kwenye kitambaa baada ya kumwombea kwa Mungu asife kweli? Filamu ilipotoka 1983, ikifika pale alipoumia picha inaganda na maandishi yanatokea kukueleza kwamba ni hapa. Fikiria, filamu inasimama katikati ya ngumi ili ikukumbushe kwamba huyu si kuli, ni Amitabh. Baba hakuwahi kuniambia kama hadithi ilikuwa nzuri. Sidhani kama alijua.

Mapenzi hayo yanamgeukia mwigizaji pia. Mzee Majuto, mchekeshaji wetu, Mungu amrehemu, yeye akitokea mlangoni tu, hajafungua mdomo, watu hoi. Tangu alipofariki Agosti 2018 nimeziangalia tena kazi zake, na kuna mahali anatulia, anatazama chini, anafanya jambo gumu sana kwa uso ule, na pembeni yangu watu wanacheka. Angeleta habari ya kifo, wangecheka. Ni kama wanakula pilau ya shangazi yao, chumvi imezidi haikuzidi, wanaomba nyongeza. Mimi nilitamani wanyamaze kidogo wamwone.

Kuhusu yule nisiyempenda, umeniuliza mara nyingi kanikosea nini. Hajanikosea. Ni namna anavyosimama, kifua mbele, kama anasubiri kupigiwa makofi. Basi. Nimeshaambiwa kuna filamu yake moja nzuri mno, nikajaribu, nikakaa muda wote nahesabu makosa. Labda ni nzuri kweli. Sitajua, na wala sijutii.

Ila nimepata wazo, na wewe kwa kuwa uko Maskati ndiye utakayelifanikisha. Umeniambia sinema za huko zinaonyesha filamu za Kimalayalam kwa ajili ya watu wa Kerala, na kwamba jirani yako wa juu anamsema Mohanlal, steringi wa filamu hizo, hivi hivi unavyomsema Shah Rukh, mpaka mumewe anaondoka sebuleni. Sisi sura ya Mohanlal haituambii kitu. Hatukukua naye, hatukumkata magazetini tukambandika kwenye madaftari. Nenda na huyo jirani, mwache achague yeye. Kisha niandikie, lakini uandike mambo mawili: ulichoona wewe, na alichoona yeye. Nataka kujua kama mlitoka kwenye ukumbi mmoja mmeangalia filamu moja. Mimi huku nitaitafuta hiyo hiyo niione na binti yangu, tukiipata yenye maandishi ya Kiingereza.

Ubani uliomtumia mama ulifika, na kile kitambaa nimeshampelekea fundi, anasema wiki ijayo, na wewe unaijua wiki ijayo ya fundi. Msalimie shemeji na watoto. Mwambie mdogo wako namba yake haipatikani, anipigie.

Wako wa siku zote,
Rukia