Korti ilibatilisha kifungu, mazishi ya jioni bado yapo

Kwa Mhariri,

Wiki tatu zilizopita tulimzika kijana mmoja hapa kijijini saa kumi na mbili na nusu jioni, giza likianza kuingia. Hapakuwa na matanga. Hapakuwa na hotuba wala mchango wa stejini, ingawa kijana huyo alikuwa mwendeshaji bodaboda na ndiye aliyekuwa mweka hazina wa wenzake. Wazee walisema aliyejitoa uhai hazikwi mchana. Mchungaji alifika, akasimama langoni, akarudi. Kufikia saa mbili usiku mamake alikuwa amebaki peke yake.

Nimeamua kuandika kwa sababu wengi wetu tunadhani jambo hili lilimalizwa kortini. Januari 9, 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya aliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kesi hiyo iliwasilishwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) pamoja na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Kabla ya hapo, mtu aliyenusurika angeweza kutoka wodini akapelekwa kizimbani na kufungwa hadi miaka miwili. Nilifurahi, maana nimeona familia ikimficha mgonjwa chumbani badala ya kumkimbiza hospitalini, kwa kuogopa kwamba daktari ataita polisi. Lakini uamuzi huo sijausikia ukitangazwa katika baraza la chifu hata moja. Nyumba nyingi ninazoingia bado zinaamini kwamba pingu zinangoja.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023, mpango wa wahudumu 100,000 ulipozinduliwa, tulipewa mkoba wenye mashine ya kupima presha, ya kupima sukari, mizani na kipimajoto, pamoja na simu ya kujazia takwimu. Nina nyumba zipatazo mia moja. Najua nani ana presha na nani ameacha dawa za kifua kikuu. Kijana tuliyemzika nilimpima presha mwezi mmoja kabla hajafa. Ilikuwa sawa. Mamake alinidokezea nikiwa tayari nafunga mkoba: "Huyu siku hizi ana mawazo mengi, halali." Nikamwambia apunguze kuendesha usiku. Simu haikuwa na mahali pa kuandika "mawazo mengi", nikaenda nyumba iliyofuata.

Baadaye nilianza kusoma, na nikagundua kwamba maneno ya mama yule yana ndugu yake Zimbabwe. Washona husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na matibabu yao yalianzia kwenye neno hilo hilo, si kwenye majina ya kidaktari. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina nyanya 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Hakukuwa na vyumba wala wauguzi wa kutosha, kwa hiyo benchi liliwekwa nje, mtu akaketi na nyanya akazungumza. Hatua ya kwanza waliiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Mgeni anamwaga yote aliyobeba, kisha wawili hao wanachagua tatizo moja tu la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa 2016 katika jarida la JAMA ulifuatilia watu 573. Baada ya miezi sita, nusu ya waliopata huduma ya kawaida bado walikuwa na dalili. Kwa walioketi kwenye benchi, ilikuwa asilimia 14.

Nyanya hao hawakuokotwa njiani. Walikuwa wahudumu wa afya wa mtaani, watu wa kazi kama yangu.

Sisemi benchi linatosha. Anayesikia sauti, au aliyekwisha kujipangia siku, anahitaji daktari leo hii, na Harare nyanya wana utaratibu wa kumkabidhi kwa aliye juu yao. Hapo ndipo sisi tumekwama. Mkakati wa kitaifa wa kuzuia kujiua, wa 2021 hadi 2026, uliahidi kupunguza vifo hivi kwa asilimia 10. Katika zahanati yetu sijawahi kuona nakala yake. Ninachoomba ni maswali machache yaongezwe kwenye simu ile, siku kadhaa za mafunzo, na muuguzi mmoja wa kumpigia jambo likinizidi. Posho yetu ni Sh5,000 kwa mwezi. Kazi hii naikubali, ila kubebeshwa mikono mitupu sikubali.

Yapo yasiyongoja serikali. Chamani kwetu mtu akilazwa kwa malaria, tunachanga Sh200 kila mmoja na kumpelekea uji. Aliyerudi kutoka hospitalini baada ya kujaribu kujiua hatumpelekei hata maji, na hizo wiki za kwanza ndizo wataalamu wanazoziogopa zaidi. Halafu kuna hili la kuuliza. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema wazi kwamba kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Nakiri swali lenyewe linachoma mdomo. Tunapenda kuzunguka. "Uhali gani?" "Tunasukuma tu." Basi, tumeagana. Kiswahili kimetupa adabu nyingi sana za kupita mlangoni bila kuingia. Siku hizi namaliza kupima presha, naweka mashine chini, nauliza: "Umewahi kuona heri usingekuwepo?" Wawili wameshalia mbele yangu. Hakuna aliyekasirika.

Kuhusu mazishi ya jioni, sitaki kugombana na wazee wangu kwenye gazeti. Wanasema desturi hiyo ipo ili vijana wengine waogope. Ninavyoona mimi, wameogopa kweli, lakini wanachoogopa ni kusema.

Nawe Mhariri, nina neno. Habari ya kifo hicho iliandikwa gazetini kwa mistari sita. Mmoja ulieleza namna alivyofanya, mwingine ukatoa sababu moja, mkopo wa simu, kana kwamba kila mwenye mkopo hufa. WHO ina mwongozo kwa wanahabari: usieleze njia, usibandike sababu moja, na umwonyeshe msomaji pa kukimbilia. Mstari wa njia ungetosha kuchapisha nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199.

Alhamisi ni zamu yangu upande wa mtoni. Nyumba ya mama yule ni ya tatu. Nimewaomba akina mama wawili wa chama twende pamoja, mmoja amekubali. Mwingine amesema atatupa unga, lakini mguu hautii pale.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Kaunti ya Kakamega